Maswali yenu: kutu inafanya nini ndani ya roketi?

Nimesoma kwamba zile roketi mbili za pembeni za Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani, zilitiwa kutu. Ni kweli?

Kweli kabisa. Oksidi ya chuma, kemikali ileile iliyomo kwenye kutu, ilikuwa asilimia 0.4 ya fueli ya roketi hizo. Ilitiwa kama kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia. Usiidharau: kila roketi ilibeba takriban tani 500 za fueli, kwa hiyo unga huo mwekundu ulifika kama tani 2. Karibu asilimia 70 ilikuwa amonia pakloreti, inayotoa oksijeni, na asilimia 16 unga wa alumini. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni mpira ulioshikanisha vyote.

Basi kichocheo kinaongeza nguvu ya fueli?

Hapana. Nishati iliyomo haiongezeki hata chembe. Oksidi ya chuma huifanya pakloreti ianze kuvunjika kwenye joto dogo zaidi. Moto hukaribia uso wa fueli, na uso huo huliwa upesi.

Kwa nini wasitie nyingi?

Swali zuri kuliko yote. Fueli ikiungua upesi, gesi huongezeka na shinikizo hupanda; shinikizo likipanda, fueli huungua upesi zaidi. Wahandisi hupima tabia hiyo kwa namba iitwayo kipeo cha shinikizo, ambacho lazima kiwe chini ya 1, la sivyo roketi hupasuka. Chukua fueli yenye kipeo cha 0.5: kichocheo kikiongeza kasi ya msingi ya kuungua kwa asilimia 10 tu, shinikizo hupanda kwa asilimia 21 kabla ya kutulia. Ganda la roketi lazima liweze kuhimili ziada hiyo yote.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Naweza kujaribu?

Pakloreti usiiguse, tafadhali. Tarehe 4 Mei 1988 kiwanda kilichoitengeneza huko Henderson, Nevada, kiliwaka moto na kulipuka. Watu 2 walifariki na mamia wakajeruhiwa. Ukitaka kuona kichocheo kikifanya kazi, dondoshea kiazi kibichi kilichokatwa haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3. Povu litakalotoka ni oksijeni.

Kuna vichocheo vingine?

Vipo, kama kromaiti ya shaba na jamii ya feroseni. Baadhi ya feroseni ni za majimaji na huchanganyika vizuri na mpira, ila roketi ikikaa ghalani miaka mingi, feroseni hizo huhama polepole kutoka mahali pake, na fueli haiungui tena sawasawa kila mahali. Dawa yake ni kuzifunga kikemia kwenye mpira wenyewe.