Laki mbili na nusu za kontroli boksi, milioni tatu za injini

Subaru Forester yangu ni ya kizazi cha pili, ile yenye tabo (feni inayosukumia injini hewa ya ziada), injini ya EJ205 ya lita 2. Ilipotoka kiwandani Japani ilikuwa na nguvu za farasi 220. Nilipokuja kuinunua mimi, ikiwa imeshatembea sana, sijui nusu ya farasi hao walikuwa wamebaki wapi. Nikipakia watu wanne, kupanda mlima ilikuwa ni kuomba Mungu. Siku Noah ya abiria iliponipita huku imejaza hadi mlangoni, nikasema basi.

Rafiki akanipa namba ya kijana mmoja. Anakufuata nyumbani na laptopu, anachomeka waya chini ya usukani, dakika ishirini kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imepangwa upya na gari limebadilika. Wenyewe wanaita rimapu. Laki mbili na nusu.

Na gari lilibadilika kweli, sitamsingizia. Kwa wiki tano nilikuwa mfalme wa Barabara ya Bagamoyo. Wiki ya sita, naelekea Chalinze, nikakanyaga kulipita lori, nikasikia mlio kama mtu anatikisa changarawe ndani ya kopo. Haukudumu. Baada ya hapo ukafuata moshi wa bluu na gari linalotetemeka kama lina homa. Fundi alipofungua, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imemeguka pale panaposhika ringi. Injini nyingine ya mtumba pamoja na ufundi wake ilikula milioni tatu na ushee.

Sikuacha kupenda mwendo, lakini nilianza kuuliza maswali ambayo ningeyauliza kabla.

La kwanza kuelewa: ndani ya kontroli boksi hamna nguvu zilizofichwa. Inasoma sensa (hewa inayoingia, joto la maji, kiasi umekanyaga, hewa chafu inayotoka) halafu inatoa amri: nozeli zimwage petroli kiasi gani, plagi ipige cheche wakati gani, tabo isukume hewa hadi wapi. Amri hizo zinatoka kwenye majedwali ya namba yaliyoandikwa na kiwanda. Kufanya rimapu ni kufuta baadhi ya namba na kuandika nyingine, basi.

Sasa, namba za gari langu ziliandikwa kwa ajili ya Japani, ambako petroli ya daraja la juu vituoni huwa ya okteni (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe) karibu 100. Ukiipa injini ya tabo petroli ya chini ya hapo, sehemu ya mchanganyiko inaweza kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na mshindo ukaipiga pistoni. Ndiyo ile changarawe. Mafundi wetu wakisema injini imenoki wanamaanisha imeshakufa. Wenye lugha yao wanamaanisha huo mlio wenyewe, yaani onyo kabla ya kifo. Tungeshika maana ya pili tungeokoa injini nyingi.

Subaru hizi zina sensa inayousikiliza mlio huo kwenye bloku. Ikiusikia, kontroli boksi inachelewesha cheche. Tena inakumbuka. Kuna namba inaiweka, kama alama za mtihani: kwenye zile za zamani inaishia 16, kwenye za baadaye inaishia 1. Mambo yakiwa mazuri, namba inapanda hadi juu kabisa. Injini ikiugua, inashuka, na nguvu zinashuka nayo. Gari linakuwa zito, dereva anasema limechoka, wakati mwingine taa ya injini haijawaka hata kidogo.

Hicho ndicho kilichokuwa kwenye gari langu siku ile kijana alipokuja. Kontroli boksi ilikuwa inanilinda. Yeye akamwondoa mlinzi mlangoni. Alichoandika ni faili la mtandaoni, la mtu wa nchi nyingine anayechoma petroli nyingine, na faili langu la asili hakulihifadhi. Hakuendesha gari hata mita mia.

Mara ya pili nikapata fundi wa aina nyingine, mzee wa makamo asiyependa maneno. Nikamwambia nataka nguvu. Akajibu, "Tuone kwanza ulizonazo." Akachomeka laptopu, akanikalisha kwenye usukani, tukazunguka nusu saa yeye akirekodi. Tuliporudi akanionyesha namba: 6. Sita kwa kumi na sita, kwenye injini niliyoilipia juzi!

Chanzo kilikuwa vitu vya pembeni vilivyohamishwa kutoka injini ya zamani kwenda mpya. Sensa ya hewa ilikuwa imejaa uchafu, kwa hiyo kontroli boksi ilikuwa inadanganywa kuhusu hewa inayoingia, nayo ikitoa petroli pungufu. Mpira wa kwenye intakula (kipozeo cha hewa ya tabo) ulikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, hewa ya tabo inavujia hapo. Plagi hazikuwa za injini hii, muuzaji alinipa zilizoingia tu. Tulisafisha, tukabadilisha, akapima mgandamizo wa silinda zote nne kuhakikisha zinakaribiana, akapima presha ya pampu ya petroli. Wiki moja baadaye namba ilikuwa 16, na gari likapanda mlima uleule na watu walewale wanne kana kwamba liko tambarare. Kontroli boksi alikuwa bado hajaigusa.

Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia.

Kazi yenyewe ilichukua siku nzima. Kwanza alinakili faili lililokuwamo, akaniwekea kwenye flashi, akaniambia niitunze kama kadi ya gari. Akafunga chaja kwenye betri wakati wa kuandika, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya zoezi kontroli boksi inaweza kubaki jiwe. Fundi akitaka kuandika huku betri yako ni chovu, mshukuru na uondoke. Kisha akafunga sensa yake kwenye ekzosi kupima mchanganyiko. Kwenye mwendo wa kawaida injini inataka hewa sehemu 14.7 kwa petroli sehemu 1, lakini tabo ikisukuma kwa nguvu aliishusha hadi karibu 11 kwa 1, petroli ya ziada ipoze joto. Anaandika kidogo, tunaendesha, anasoma, anapunguza, tunaendesha tena. Kila mlio ulipoonekana kwenye rekodi alirudi nyuma. Petroli ilikuwa ya kituo ninachojaza siku zote, hilo alilisisitiza sana.

Kifunga mwendo cha kilomita 180 kwa saa alikiacha. Nilimuuliza, akayatazama matairi, akanitazama mimi, akaendelea na kazi yake.

Wenye IST, Vitz na nyingine zisizo na tabo wananiuliza kama nao wafanye. Hapana, ndugu zangu. Bila tabo mabadiliko ni madogo mno, pesa hiyo nunueni matairi. Na vile vikopo vya kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi, vinavyoahidi nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta kwa bei ya kuku wawili: mimi nilinunua kimoja, nikakifungua, ndani nikakuta vitaa vya kuwakawaka na hakuna cha maana. Visanduku vya pembeni vinavyozidanganya sensa vipo vinavyofanya kazi, ila kama kontroli boksi yako inaandikika, sioni sababu ya kuidanganya. Kontroli boksi za kubadilisha nzima, kama Haltech au Link, waachieni wa mashindano.

Neno moja kwa wanaopanda Arusha au Nairobi. Gari lisilo na tabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake Nairobi, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Lenye tabo linajitahidi kufidia kwa kuizungusha tabo zaidi, na joto linapanda. Ukipangiwa pwani huku tabo imeshafikishwa ukingoni, huko juu hamna akiba. Mwambie fundi unasafiri wapi.

Mwezi uliopita jirani yangu mwenye Impreza alikuja kuomba namba ya yule mzee. Nikampa, nikamwambia kabla hajapiga asafishe sensa ya hewa na aangalie mipira yote ya intakula. Jumamosi tukakutana gengeni, nikamuuliza kama ameshapangiwa siku. Akacheka, akasema hajapiga simu bado, mpira mmoja ulikuwa umechomoka kabisa, na sasa shida yake ni shemeji yangu anayelalamika kwamba anakimbia sana.