"Slap on": kulipua rangi kwa Kiingereza

Wiki yangu ya kwanza ya kibarua cha kupaka rangi huko Leicester, Uingereza, bosi alinionyesha uzio wa mbao nyuma ya nyumba akasema, "Just slap some paint on it." Neno "slap" nililijua tangu shule ya msingi: kofi. Nikabaki na brashi mkononi, namtazama yeye, nautazama uzio. Nani apigwe kofi?

Alichotaka fundi yeyote wa Dar angekielewa kwa neno moja: lipua. Msasa wa nini, praima ya nini? Chovya, paka, ondoka. Na ukisikiliza brashi iliyolowa ikigonga ubao, mlio wake kweli ni wa kofi.

Kosa lenyewe lilikuja baadaye. Nilimaliza mlango wa mama mmoja mtu mzima, kazi ya siku mbili, rangi ya mafuta inang'aa hadi unajiona. Akauliza imekwendaje. Nikajibu kwa majivuno, "I slapped on two coats," yaani nimepaka mikono miwili ya rangi. Akavaa miwani, akaanza kuukagua mlango kuanzia juu hadi chini. Kumbe nimejishtaki mwenyewe kwamba nimemlipulia! Ningesema tu "I gave it two coats."

Kwa hiyo litumie kwa banda, uzio, au kwa utani juu ya kazi yako mwenyewe. Ukilitumia kwa kazi ya fundi mwenzako, jiandae kwa ugomvi.

Upande wa sarufi, "slap on some paint" na "slap some paint on" zote ni sawa. Ila "it" lazima ikae katikati: "slap it on". Wakati uliopita ni "slapped", herufi p mbili.

Si rangi tu. Australia walianza mwaka 1981 kampeni ya kujikinga na jua, "Slip! Slop! Slap!", na hiyo "slap" ya mwisho ni ya kofia: "slap on a hat". Hapo haraka ipo, dharau haipo. Kofia hata ukijibandika ovyo inazuia jua. Serikali nayo ikibandika kodi ghafla, magazeti ya Kiingereza hutumia "slap" hiyohiyo.

Ule uzio? Niliupiga msasa kwanza, ubao kwa ubao. Bosi alirudi jioni akakuta nimefika nusu.