Mr. Bad Guy ya Freddie Mercury: wahakiki walikuwa wanasubiri Queen

Mkuu, umeuliza hivi: kama Freddie Mercury alikuwa fundi kiasi kile, mbona Mr. Bad Guy, albamu aliyotoa peke yake Aprili 1985, wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi? Ilikuwa mbovu au walimwonea? Naomba nijibu kwa kirefu maana hii albamu naijua ndani nje. Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda hapa Mwanga, Kigoma, na hiyo ilikuwa mojawapo ya kanda nilizozirudisha nyuma kwa kalamu mpaka utepe ukaanza kukunjamana.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Queen, bendi ya roki ya Uingereza ambayo Freddie alikuwa mwimbaji wake, walikuwa wanne na wote wanne watunzi. Roger Taylor, mpiga ngoma, alishatoa albamu zake mbili, 1981 na 1984, na bendi ikaendelea kama kawaida. Ila Freddie ndiye aliyekuwa sauti ya bendi, kwa hiyo alipoingia studio za Musicland kule Munich na mtayarishaji Mack, macho yote yalikuwa kwake. Halafu kulikuwa na kidonda cha 1982: Queen walitoa Hot Space, albamu yenye muziki wa disko mwingi, na mashabiki wa roki walinuna. Miaka mitatu baadaye mtu yuleyule anakuja na nyimbo 11, zote katunga mwenyewe, vinanda vya umeme vimetanda kila mahali na gitaa limesukumwa nyuma. Uingereza ilipanda hadi namba 6, lakini Marekani iliishia namba 159.

Kwa sisi tuliokulia muziki wa ng'ambo ya ziwa, lawama zile ni rahisi kuzielewa. Ukimpigia mtu wa Kigoma wimbo wa Kikongo, ataimba polepole na wewe, lakini masikio yake yanasubiri sebene, ile sehemu ya gitaa la kasi la kuchezea. Wimbo ukiisha bila sebene, atakwambia haujaisha. Mhakiki wa roki mwaka 1985 alikuwa anasubiri gitaa la solo la Brian May, mpiga gitaa wa Queen. Halikuja, kwa sababu May hakuwemo, na uhakiki ukaandikwa na mtu ambaye bado anasubiri.

Mimi niliipata albamu hii kinyume kabisa. Abiria aliyeshuka na treni kutoka Dar aliniachia kanda nimrekodie nakala. Haikuwa na jalada, upande mmoja kulikuwa na rumba na upande wa pili huyu bwana. Queen sikuwa nawajua, kwa hiyo sikuwa na kitu cha kumlinganisha nacho. Wateja wangu nao walikuwa wamezoea kupenda nyimbo za Kilingala bila kuelewa neno hata moja. Wanasikiliza sauti, wanajua kama mwimbaji anaumia au anajifanya. Kulikuwa na kijana mmoja mvuvi wa dagaa, anakuja asubuhi kutoka Kibirizi, bado ananuka mafuta ya taa ya karabai. Hakujua jina la wimbo. Alikuwa anaimba: "Di-di, di-do, nipigie ule." Ni Living on My Own, pale Freddie anapoacha maneno na kuchezesha sauti tupu. Yule kijana alikuwa anasimama kaunta na kichwa ameinamisha, na mara moja akaniambia huyu mzungu anacheka lakini ana upweke. Kiingereza hakijui, na wimbo wenyewe unahusu kuishi peke yako. (Nilipokuja kusoma kwamba huyo "mzungu" ni Mparsi, yaani wa jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi, aliyezaliwa Unguja 1946 na kuondoka na familia yake 1964, mzee mmoja wa Ujiji alinikatalia katakata.)

Sasa nisimtetee Freddie kupita kiasi. Wahakiki waligusa ukweli mahali pawili. Kwanza, sauti ya zile ala. Nyimbo kama Let's Turn It On zimejaa mitambo ya wakati ule, mdundo mgumu usiopumua, na kwangu ndizo zimezeeka vibaya kuliko zote. Pili, hakuna anayempinga. Ndani ya Queen kila mmoja alileta wimbo wake na walibishana sana. Hapa unasikia mahali ambapo mtu mwenye moyo angesema "Freddie, hii punguza", na hakuna aliyesema.

Walipokosea ni kudhani kasoro hiyo iko kwenye nyimbo zenyewe. Ushahidi nilijionea kibandani. Mwaka 1993, karibu miaka miwili baada ya kifo chake, Living on My Own ilichanganywa upya kwa mdundo wa disko wa wakati huo na ikashika namba 1 Uingereza. Ilipotoka mara ya kwanza 1985 iliishia namba 50. Kanda yenye mchanganyiko mpya ilipotufikia, vijana waliipigania, wakidhani ni wimbo mpya. Nilikuwa na deki mbili; nikaweka ya zamani huku na mpya kule, nikapiga kipande kwa kipande. Walinyamaza. Sauti ni ileile, haikurudiwa hata herufi. Tofauti ilikuwa mdundo tu.

Halafu 1995 Queen wenyewe, wale watatu waliobaki, wakachukua I Was Born to Love You na Made in Heaven, wakaacha sauti ya Freddie na kuweka gitaa, ngoma na bezi zao. Jina la wimbo huo wa pili ndilo wakaipa albamu nzima. Wangefanya hivyo kama nyimbo zilikuwa takataka?

Kingine kilichoifunika ni kalenda. Tarehe 13 Julai 1985, hata miezi mitatu haijafika, Queen wakapanda jukwaa la Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, pale Wembley, London, kwa dakika kama 20 na dunia ikarudi kuwazungumzia wao kama bendi. Freddie hakuzunguka kufanya maonyesho ya albamu yake.

Kama unataka kuihukumu mwenyewe, usianze na wimbo wa kwanza. Anza na There Must Be More to Life Than This. Huo aliujaribu 1983 na Michael Jackson, haukukamilika, akauimba peke yake hapa. Ule wa wawili ulikuja kutoka 2014. Pale vinanda vya umeme havimfuniki, anauliza maswali kuhusu chuki na vita kwa sauti ya mtu aliyechoka. Kisha tafuta toleo la 2019, lililochanganywa upya kutoka kwenye kanda za studio, sikiliza Made in Heaven. Weka spika nzuri, zima taa, na jina la Queen lisahau kwa dakika nne.