Shangazi, nisomee uhasibu wa nini wakati mashine imeshaujua?

Mwanangu, pole. Kuwa mwaka wa tatu huku ukisikia kila siku kwamba kazi unayoisomea inakwisha, hata usingizi hukimbia.

Unasema unasoma uhasibu hapa Dodoma. Akili mnemba inakufurahisha na kukutisha kwa pamoja. Na baba yako anayeuza mahindi Kibaigwa "hana elimu, hanielewi", kisa amekataa ada ya muhula uliobaki isiwe mtaji wako wa kuuza nguo mtandaoni. Halafu katikati, mbio mbio, umetaja kwamba kazi za chuo "huwa ananisaidia ChatGPT", na kwamba una sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Pole yangu imeishia hapo. Mimi niko na baba yako.

Hofu yako ina ukweli wake, sikatai. Kunakili tarakimu kutoka kwenye risiti, kulinganisha daftari na taarifa ya benki, hayo programu inayamaliza kabla chai haijapoa. Anayejua hayo tu, kweli akauze nguo. Lakini mashine hiyo ikikosa jibu hutunga, tena kwa lugha tamu. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Yenyewe haikutozwa hata senti. Huku kwetu hesabu za kampuni hukaguliwa na kutiwa saini na mtu aliyesajiliwa NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, mwenye jina, anayeweza kuitwa akajieleze. Wewe utajielezaje? Kinachokutisha si mashine, mwanangu. Unaogopa siku itakapokosea mbele yako ofisini, nawe usijue kama imekosea.

Na si wanafunzi peke yao. Siku hizi mume akimkosea mkewe anaiagiza simu imwandikie msamaha. Mke naye anaiagiza yake imjibu. Simu zimepatana, wenyewe wanalala mzungu wa nne. Ndoa hizo ndizo zinazonijazia barua hapa. Mtu hataki tena kuhangaika na maneno yake mwenyewe, akashikwa na kigugumizi, akaeleweka hivyo hivyo.

Sasa sikia. Ada inalipwa chuoni. Nenda kwa mhadhiri wako ukamwambie usichokijua, mficha uchi hazai. Kisha Jumamosi panda basi uende Kibaigwa, omba daftari la mzee, uzifunge hesabu za mwezi mmoja kwa kalamu. Ukimaliza, ndipo uipe mashine kazi hiyo hiyo, mtafutane makosa. Huyo unayemwita hana elimu ana kichwani mwake nani anamdai na yeye anamdai nani, na mahindi yake ndiyo yamekufikisha mwaka wa tatu.

Barua ijayo uniandikie sapu ni ya somo gani. Hilo umelipita haraka mno.