Wakuite tena: maswali ya wanamuziki wa jukwaani

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaotaka kula kwa kupiga muziki mbele za watu, usiku kwa usiku. Nilipiga besi kwenye bendi za dansi Dar es Salaam kwa miaka ishirini na mbili kabla sijaanza kufundisha, na kazi hii naipenda mpaka leo. Nitajibu kwa niliyoyaona. Maswali marefu nimeyafupisha.

Shikamoo mzee. Napiga gitaa la solo, nina miaka 22, niko Morogoro. Wenzangu wanasema bila kuhamia Dar sitatoka. Nihame?

Marahaba, kijana wangu. Mji wako una heshima yake. Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilikuwa hapo hapo, na Morogoro Jazz yenye Mbaraka Mwinshehe ilitoka hapo hapo ikaenda kupiga kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Ila sitakudanganya: siku zile mji ulikuwa na bendi za kudumu na kumbi zao. Leo kazi nyingi za bendi ziko Dar.

Hata hivyo usihame kwanza. Chumba Dar mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na mpiga gitaa anayedaiwa kodi hukubali kazi yoyote kwa bei yoyote. Nenda urudi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, njiani hukai hata saa mbili. Chagua bendi mbili unazozipenda kweli, uende kwenye mazoezi yao mchana. Usiku wa onesho hakuna mwenye nafasi ya kukusikiliza. Zijue nyimbo zao kumi, kwa funguo zilezile (yaani kimo cha sauti cha kila wimbo) wanazopigia, ndipo umwombe kiongozi akuachie wimbo mmoja. Na jifunze gitaa la ridhimu, lile linaloshikilia mapigo ya wimbo. Wapiga solo ni wengi, ila mtu wa ridhimu anayetulia mahali pake saa nne nzima hutafutwa kwa tochi. Mimi niliingia kwenye bendi yangu ya kwanza kwa sababu mpiga besi alishikwa na homa, nami nilikuwa nimekaa pale mazoezini siku ya nne mfululizo, nyimbo zote zimo vidoleni.

Naimba vizuri kuliko waimbaji wengi wanaopata kazi hapa Arusha, na hilo watu wananiambia. Mbona wanaitwa wao?

Nakuamini, dada yangu. Lakini anayekuita ni kiongozi wa bendi au meneja wa hoteli, na yeye ana hofu moja kubwa: kuaibika mbele ya wateja wake. Anapofungua simu kutafuta jina, anamtafuta mtu atakayefika. Kazi ya kwanza unaipata kwa sauti. Ya pili unaipata kwa namna ulivyoifanya ya kwanza, na maisha ya jukwaani ni hizo za pili.

Kwa hiyo jiulize mambo madogo. Ulifika kabla fundi mitambo hajamaliza kupima sauti, au ulifika watu wakiwa wamekaa? Ulijua ufunguo wa kila wimbo wako, au mpiga kinanda alikutafuta jukwaani? Mpiga gitaa alipokosea, ulimgeukia ukamkazia macho hadi wateja wakajua? Nimewahi kumfanyia mwenzangu hivyo nikiwa kijana. Hakuniambia neno, ila alipoanzisha bendi yake hakunipigia simu, na alikuwa na haki. Baada ya onesho wasalimie watu wote, mpaka anayefunga nyaya. Fundi mitambo hufanya kazi na bendi nyingi, na akiulizwa "nani anaimba vizuri hapa mjini?" atalitaja jina analolikumbuka kwa wema.

Tuko sita, tunapiga kwenye harusi hapa Mwanza. Kila kamati inauliza "mnachukua shilingi ngapi?" na kila mara tunataja bei tofauti. Mara ya mwisho kila mmoja alibaki na elfu ishirini. Tunakosea wapi?

Mnataja bei kabla ya kuihesabu. Chukueni daftari leo. Nitaweka tarakimu za mfano tu, ninyi mtaweka za Mwanza. Kila mtu akilipwa 50,000, hiyo ni 300,000. Nauli na chakula cha mazoezi ya siku mbili, 60,000. Kukodi vyombo pamoja na fundi wake, 300,000. Gari la kupeleka vyombo na kuvirudisha usiku wa manane, 100,000. Weka na fungu la kikundi kwa ajili ya nyuzi, nyaya na siku mbaya, 90,000. Imefika 850,000. Chini ya hapo mnaichangia harusi ya watu kutoka mifukoni mwenu.

Sasa kamati ikisema ina 500,000, msikate posho zenu. Kateni kazi. Waambieni kwa bei hiyo watakuja watatu, na gitaa kavu, tumba na mwimbaji, kupiga saa mbili za chakula, kwa spika za ukumbini. Wengi hukubali, na mtakuwa mmelinda bei ya kundi zima kwa wanaokuja kesho.

Malipo: nusu siku wanapoishika tarehe, nusu iliyobaki kabla ya wimbo wa kwanza. Hili nililijifunza vibaya. Tulipiga harusi moja Dar, sehemu kubwa ya fedha ikiwa bado. Saa nane usiku mwenyekiti wa kamati hapatikani kwenye simu, mweka hazina anasema zote zimeishia kwenye vinywaji. Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi na vyombo vyetu mpaka adhana ya alfajiri. Mwimbaji wetu alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani na hakuwa na nauli ya kumrudisha. Wale hawakuwa watu wabaya. Fedha ya harusi huisha usiku wa harusi, ndivyo ilivyo kila mahali, kwa hiyo yenu itoke kabla.

Andikeni, hata kwa ujumbe wa simu: tarehe, ukumbi, saa ya kufika, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, chakula chenu, kilicholipwa na kilichobaki, na nani analeta jenereta umeme ukikatika. Ulizeni pia wimbo wa kuingilia maharusi, na majina ya wazazi, mashangazi na wajomba wa pande zote mbili. Shangazi akisikia jina lake likiimbwa, harusi ya binti yake itakuwa yenu.

Jambo la mwisho kwenye hili, na ndilo linalonisumbua zaidi: fedha za kutunzwa. Noti hubandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, na mpiga ngoma aliyeko nyuma hapati kitu, wakati yeye ndiye aliyemwinua yule mama kitini. Kubalianeni kabla kwamba zote zinaingia kapu moja na kugawanywa sawa. Nimeona vikundi vitatu vikivunjika kwa ajili ya noti hizo, vyote vikiwa na kazi tele.

Nilitunga wimbo nikiwa bendi fulani ya dansi. Nimehama, na wananikataza kuupiga nilikohamia. Wana haki?

Kuhama bendi hakukuanza na wewe. Mwimbaji Muhidin Gurumo mwenyewe aliiacha bendi ya Mlimani Park, ndiyo Sikinde, mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, na hadi anafariki mwaka 2014 mashabiki wa Sikinde na wa Msondo, bendi nyingine aliyoiimbia, walikuwa bado wanabishana wa nani zaidi.

Upande wa sheria, tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999. Haki ya wimbo huzaliwa unapoutunga, na humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki (au COSOZA kwa walio Zanzibar), kunakupa ushahidi mkononi. Lakini angalia mambo mawili. Kama ulikuwa mwajiriwa wa mshahara, mkataba wako usomwe na mwanasheria, kwa sababu haki ya kuvuna fedha za wimbo inaweza kuwa ya mwajiri. Bendi ya NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ala za chama, wanamuziki wa mshahara. Hali yako huenda si hiyo, wengi siku hizi hawana hata karatasi moja. La pili, maneno na sauti ya wimbo ni vyako, ila lile gitaa la mwanzo ambalo watu wakilisikia tu wanainuka, nani alilibuni? Kama ni mwenzako, mwachie, wimbo wako uupange upya.

Ningekuwa wewe ningemwendea kiongozi wa bendi ya zamani mchana, peke yangu, kabla ya ofisi yoyote. Kisha ningekwenda COSOTA na rekodi ya kwanza ya simu, daftari la maneno na tarehe zake.

Niko Unguja, miaka 19. Naimba taarab na nataka kujifunza ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kwa vidole. Mama anasema mwanamke wa jukwaani hana heshima. Nifanyeje?

Mwanangu, usishindane na mama. Anaogopa usiku, anaogopa wanaume wenye fedha, anaogopa maneno ya mtaa, na vyote hivyo vipo. Mjibu hofu moja moja.

Ya usiku: nani anakurudisha nyumbani, na saa ngapi? Usikubali kazi ambayo jibu hilo halipo. Ya wanaume: mwenye kazi ya kweli ataizungumza mchana, mezani, watu wakiona, akitaka mkutane chumbani, hiyo si kazi. Simama hapo hata kama jukwaa lenyewe ni la ndoto zako, na mwambie mama kwamba umesimama hapo. Ya heshima: mkumbushe kwamba kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, kwamba mwimbaji Siti binti Saad alitoka Fumba akafika Bombay kurekodi mwaka 1928, kwamba Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 akiwa bibi kizee aliyekuwa bado anaimba. Halafu mpeleke alasiri moja Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi pale Mji Mkongwe, kilichoanzishwa mwaka 2002, akae asikilize somo mpaka mwisho. Mama akiona mwalimu, ratiba na daftari la noti za muziki, huenda akaliona jambo kwa jicho jingine.

Na umechagua chombo kizuri mno. Wapigaji wa ganuni ni wachache, na anayekijua huitwa na kila kikundi.

Masikio yangu yanalia usiku kucha baada ya shoo. Ni kawaida?

Ni kawaida kwa wanamuziki, na ni dalili ya kuumia. Wataalamu wa afya kazini huhesabu sauti ya desibeli 85 kuwa ya kuvumilika kwa saa 8. Ikifika 100, ni dakika 15 tu. Jukwaani, karibu na ngoma na spika, 100 hupita kirahisi. Nunua vizibo vya masikio, usisimame mbele ya matoazi, na mlio ukidumu zaidi ya siku moja mwone daktari wa masikio. Sikio langu la kushoto halisikii tena sauti nyembamba. Nakuomba hili ulifanye wiki hii.

Mzee, mimi ni mpiga drums. Ramadhani bendi inasimama, kodi haisimami.

Na Kwaresma harusi za Wakristo nazo hupungua, na kwa miaka hii ya karibuni vipindi hivi viwili vimeangukia karibu pamoja. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo inajulikana mapema. Weka fungu kila baada ya onesho, hata dogo, kwenye namba ya simu usiyotembea nayo. Mwezi wenyewe chukua wanafunzi wa mchana, na mfanye mazoezi ya nyimbo mpya, maana Idd Mosi watu watakuja na hamu ya mwezi mzima na watataka kusikia kitu kipya.

Nimeitwa kuimba hotelini Muskat, Omani, miezi sita. Wakala anataka nimtumie fedha ya viza kwanza. Nimtumie?

Usitume hata shilingi, mdogo wangu. Taka jina la hoteli, kisha uipigie hoteli yenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Mkataba uwe mkononi kabla ya safari, ukitaja mshahara, saa za kuimba kwa siku, siku ya mapumziko, malazi na tiketi ya kurudi. Viza iwe ya kazi. Ya matembezi itakufanya usiwe na pa kulalamika. Pata kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) cha kutumbuiza nje, andika namba ya ubalozi wetu Muskat kwenye karatasi, si kwenye simu tu, na pasipoti yako ikae nawe. Nakala ya mkataba na ya pasipoti mwachie ndugu mmoja anayejua kusoma kila mstari, mkubaliane siku ya wiki ambayo utampigia, na afanye nini wiki ambayo hutapiga.