Hakohoi, mbona wanasema ana TB?

Swali: Shikamoo mama. Mume wangu anapakia viazi kwenye malori pale Isyonje. Mgongo unamuuma mwezi wa tano huu. Tumechua, amemeza diklofenaki, wapi! Usiku anatoka jasho, amekonda. Sasa hospitali wanasema ni TB ya uti wa mgongo na dawa ni mwaka mzima, wakati hakohoi na makohozi hayana kitu. Hawajakosea? Watoto nao niwatengee vyombo?
*Mama wa watatu, Tukuyu*

Jibu: Marahaba mwanangu. Wala sishangai. Vimelea huingia kwa pumzi, kisha damu huvipeleka mifupani, na pingili za mgongo ndizo hushambuliwa zaidi. Makohozi hayawezi kuonyesha kilichojificha huko.

Mdogo wangu alipewa dawa za maumivu miezi minane kwenye kituo kimoja, na mimi muuguzi nipo. Siku namwogesha, vidole vyangu vikagota kwenye kinundu katikati ya mgongo, kigumu kama kokwa ya parachichi. Picha ikaonyesha pingili mbili zimelika, zimelaliana. Kandambili zilikuwa zikimvuka njiani bila yeye kuhisi. Alipona, anatembea, ila kibyongo kimebaki. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo uliza: walichukua kinyama au usaha kwa sindano wakapima kwa GeneXpert, mashine ya kutambua vimelea vya TB? Picha peke yake inaweza kudanganya. Saratani hula mfupa, na brusela, ugonjwa unaoweza kutoka kwenye maziwa mabichi, huumiza mgongo vilevile. Apimwe na VVU.

Dawa ni bure: nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 10. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, usitishike. Macho yakiwa ya manjano au akianza kuona vibaya, mrudishe kliniki. Maumivu yatapungua mapema, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Mshikilie. Magunia aache kabisa, na asichuliwe tena.

Vyombo usitenge, TB haipiti kwenye sahani. Ila hakikisha kifua chake kimepigwa picha, maana TB ya mapafu ndiyo huambukiza, na watoto wachunguzwe wote, hasa aliye chini ya miaka 5.

Miguu ikiwa mizito, ikafa ganzi, mkojo ukaziba, au kandambili zikaanza kumvuka, mpeleke hospitali usiku huohuo. Usingoje gari la asubuhi.