Maswali ya Wasomaji: Kiwanda cha trekta kinapounda gari la starehe

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mananasi na minazi Mkuranga, ingawa makazi yangu ni Mbagala. Pamoja na shamba, nina kiwanja cha ufukweni Kigamboni nilikojenga vibanda vichache vya wageni. Dalali mmoja ananiuzia kigari kilichotumika, cha viti viwili na bodi ndogo ya mizigo nyuma, kilichopakwa kijani na njano kama trekta za John Deere. Anadai kwamba siku za kazi kitabeba mananasi, na mwisho wa wiki kitawatembeza wageni kwenye vichaka na michanga. Fundi wangu anacheka. Anasema kampuni ya trekta haijui mambo ya starehe na kwamba nembo ile imebandikwa tu juu ya kazi ya watu wengine. Ni yupi nimsikilize? — Mkulima wa Mkuranga

JIBU: Ndugu Mkulima, dalali na fundi kila mmoja ameshika ukweli nusu. John Deere, kampuni ya Moline katika jimbo la Illinois, Marekani, ambayo chimbuko lake ni plau za chuma zilizofuliwa na mhunzi wa jina hilo mwaka 1837, inaunda kweli vigari vya aina unayoieleza. Vinaitwa Gator, vilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vinatoka katika kiwanda chake cha Horicon, jimbo la Wisconsin. Hata hivyo, fundi wako naye hakukosea kabisa, kwa sababu kampuni hiyo imewahi pia kuweka rangi zake juu ya chombo kilichoundwa na mwingine, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo itakayokugharimu fedha au kukuokolea fedha siku utakapohitaji spea.

Ili uelewe kwa nini muuza trekta aliingia katika biashara ya starehe, anza na kalenda ya wakulima wa kaskazini mwa Marekani na Kanada. Huko ardhi hulala chini ya theluji kwa miezi kadhaa, hakuna anayelima wala kuvuna, na wakala wa trekta mwenye duka, mafundi na ghala la spea hubaki akilipa mishahara bila wateja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipopamba moto pikipiki za theluji, zile zinazoteleza kwa ubao mbele na kusukumwa na mkanda mpana nyuma, kampuni nyingi ziliona njia ya kumshughulisha wakala huyo. Mwaka 1971 pekee ziliuzwa karibu nusu milioni Amerika ya Kaskazini, na watengenezaji walikuwa zaidi ya 100. John Deere iliingia sokoni na msimu wa 1972, na kaulimbiu ambayo mpaka leo inauzia trekta zake ilizaliwa katika matangazo ya pikipiki hizo, si katika shamba la mahindi.

Haikudumu. Soko lilijaa, ukafuata mfululizo wa majira yenye theluji haba, mafuta yakapanda bei, na mwaka 1984 Deere ikajitoa, huku shughuli ya spea ikichukuliwa na Polaris. Jina hilo la Polaris ninaomba ulishike, kwa kuwa ndilo linalovunja hoja ya fundi wako. Polaris ilianzia katika karakana ya vifaa vya kilimo huko Roseau, mji mdogo wa Minnesota ulio karibu na mpaka wa Kanada, na miongoni mwa bidhaa zake zilikuwa mashine za kukatakata mabua yanayotoka katika kombaini. Katikati ya miaka ya 1950, David Johnson na wenzake waliunganisha chombo cha kupita juu ya theluji ili wafike kwenye kambi yao ya kuwinda, wakati mshirika wao Edgar Hetteen alikuwa safarini. Aliporudi alikasirika kuona muda na vyuma vya kazi vimetumika kwa mchezo. Lakini chombo kile kilikuwa kimekwisha kuuzwa kwa dola 465, fedha ambazo karakana ilizihitaji kulipa mishahara. Mwaka 1960 ni Hetteen huyo huyo aliyeongoza safari ya zaidi ya kilomita 1,600 kuvuka Alaska kwa vyombo hivyo ili kuthibitisha kwamba vinafaa. Baadaye akaondoka na kuanzisha kampuni iliyokuja kuwa Arctic Cat, mshindani mkubwa wa ile aliyoiacha. Polaris ilianza kuunda pikipiki za magurudumu manne mwaka 1985, na leo ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani katika vyombo vya starehe vya nje ya barabara. Mabua yalisahaulika zamani.

Kwa hiyo kampuni ya kilimo inaweza kujua starehe, na kuijua vizuri. Ninavyoona mimi, Polaris iliifanya starehe kuwa kazi yake, ilhali Deere ilipojaribu mara ya kwanza iliifanya kuwa kibarua cha majira ya baridi. Gator ilipokuja, Deere ilirudi kwenye kile inachokijua: kigari cha kazi cha kubeba mbolea, vifaa na watu ndani ya shamba, uwanja wa gofu au eneo la ujenzi, ambacho hata jeshi la Marekani lilikichukua likakifanyia toleo lake. Starehe ilikuja polepole baadaye, kwa matoleo yenye mwendo na shokomzoba ndefu zaidi, likiwemo RSX la mwaka 2012 lililolenga waziwazi watu wanaokwenda porini kujifurahisha. Kati ya hayo, mwaka 2004, Deere iliuza pia pikipiki ya magurudumu manne iliyoitwa Buck. Hiyo haikuundwa na Deere bali na kampuni ya Bombardier ya Kanada, na haikukaa sokoni miaka mingi. Hapo ndipo fundi wako ana haki ya kucheka.

Nikirudi kwenye kigari chako: usisome rangi, soma kibao cha namba ya utambulisho kilichopigiliwa kwenye fremu, kisha mpe fundi namba hiyo aitafute katika orodha ya spea ya mtengenezaji kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba. Rangi ya kijani inanunuliwa dukani kwa kopo. Namba ikikubali, tazama mita ya saa. Vyombo hivi, kama trekta, hupimwa umri kwa saa za injini na si kwa kilomita, na mita iliyokufa ni sababu tosha ya kushusha bei au kuondoka. Chungulia chini kwenye vyuma vya kusimamishia magurudumu, kwa sababu chombo kilichoishi karibu na bahari hula kutu mahali ambapo sabuni ya muoshaji haifiki; nawe unakusudia kukipeleka Kigamboni, kwa hiyo kutu utakayonunua utaiongezea nyingine.

Kisha lipo suala la mkanda. Vigari vingi vya namna hii havina gia za klachi kama kirikuu. Nguvu ya injini hupelekwa magurudumuni kwa mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana zenyewe kulingana na mwendo. Ni raha kuendesha, hata mgeni asiyejua gia atamudu, lakini mkanda huo huchukia mzigo mzito kwenye mchanga mwingi kwa mwendo wa kinyonga: huteleza, hupata moto, hatimaye hukatika. Dawa ni kutumia gia nzito na kutobembeleza mafuta unapopanda, na kuwa na mkanda wa akiba ndani ya gari siku zote. Kubota ya Japani, nayo mtengenezaji wa trekta, ililikwepa tatizo hilo katika kigari chake cha RTV900 cha miaka ya 2000 kwa kutumia injini ya dizeli na mfumo wa kusukuma kwa mafuta ya haidroliki, kama ule wa trekta zake ndogo. Kinakwenda polepole na wageni wako wangesinzia, lakini mananasi hayalalamiki.

Ukiniuliza mimi, nisingenunua chombo kimoja kwa kazi zote mbili. Kwa kutoa mananasi shambani hadi barabarani, toyo au kirikuu itabeba kwa gharama ndogo zaidi, na spea zake utazipata Kariakoo na Gerezani bila kuagiza ng'ambo na kungoja meli. Faida halisi ya kigari hiki iko kwenye matairi mapana yenye upepo mdogo, ambayo hayazami kwenye mchanga wala hayachimbi udongo wa shamba wakati wa masika. Ikiwa njia yako ya Mkuranga haipitiki kwa kirikuu miezi ya mvua, hoja ya dalali inapata uzito. Ikiwa inapitika, unanunua gari la wageni, na ulipigie hesabu ya wageni peke yake.

SWALI: Mhariri, nilikuwa fundi wa malori enzi zile, na nimezisoma sana habari za International Harvester. Nakumbuka picha za gari lao la Scout, dogo, la mraba, bila madaha. Mjukuu wangu ananionyesha kwenye simu kwamba Scout limefufuka na ni la umeme, na anasema mwenyewe ni Volkswagen. Mjerumani na kombaini za Chicago wanakutania wapi? — Mzee wa Upanga

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu hakudanganyi, na njia waliyokutania ni ndefu.

International Harvester iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha McCormick, Deering na watengenezaji wengine wa mashine za kuvunia. Scout lilitoka katika kiwanda chake cha Fort Wayne, Indiana, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960, kwa lengo la kugawana wateja na Jeep. Kwa jicho la fundi utapenda injini yake ya awali: badala ya kusanifu mpya, wahandisi waliichukua injini ya silinda nane ya kampuni wakaigawa nusu, wakabaki na silinda nne zilizolala upande mmoja. Kioo cha mbele kiliweza kulazwa, milango ikang'olewa, na mkulima akalinunua katika ua ule ule wa wakala alikonunulia trekta. Kadiri miaka ilivyokwenda, watu wa kuvua samaki na kupiga kambi wakawa wengi kuliko wenye ng'ombe, na Scout II la mwaka 1971 likawa pana zaidi na lenye starehe zaidi. Yaliundwa zaidi ya 500,000 kwa jumla. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kutu. Wewe unajua bodi ya bati inavyokwisha huku injini ingali ikinguruma.

Lililoliua si soko la magari hayo, ambalo baadaye lilikuja kukua kupita matarajio ya yeyote. Mgomo wa wafanyakazi ulioanza Novemba 1979 ulidumu karibu miezi 6, riba ya mikopo ikapaa, wakulima wakaacha kununua mashine, na kampuni iliyobanwa na madeni ikakata tawi lililoonekana la pembeni. Scout la mwisho lilitoka Oktoba 1980. Haikutosha: mwaka 1985 sehemu ya kilimo iliuzwa kwa wenye kampuni ya Case, ndiyo maana leo unaona trekta nyekundu za Case IH, na upande wa malori ukabadili jina kuwa Navistar. Jina la Scout lilibaki na malori. Mwaka 2021 Traton, tawi la malori la Volkswagen, liliinunua Navistar yote, na ndani ya mzigo huo likakuta jina hilo. Magari mapya, moja la bodi ya wazi liitwalo Terra na jingine la abiria liitwalo Traveler, yalionyeshwa Oktoba 2024, na kiwanda kinajengwa Blythewood, South Carolina. Ni ya umeme, na mnunuzi anaweza kuchagua kuongezewa injini ndogo ya petroli ya kuchaji betri njiani. Kampuni iliyolibuni haina hisa hata moja humo, jambo ambalo mimi naliona la kusikitisha kuliko suala zima la umeme.

SWALI: Naomba kujua kama naweza kununua pikipiki mbili za magurudumu manne kwa ajili ya wageni wangu, wakiwemo watoto, na kama mfanyakazi wangu anaweza kuvuka nazo kwa kivuko kwenda mjini kutengenezwa. — Dada wa Kigamboni

JIBU: Dada yangu, zivushe juu ya gari la mizigo. Chombo kinachotembea barabara ya umma lazima kiwe kimesajiliwa, kina bima na dereva wake ana leseni, na pikipiki hizi kwa kawaida huundwa bila mengi ya yale yanayodaiwa barabarani. Matairi yake yenyewe hayashiki lami vizuri kwenye kona. Kabla ya kuagiza, waulize TRA (Mamlaka ya Mapato) na TBS (Shirika la Viwango) kuhusu aina hiyo hasa, na upate jibu la maandishi.

Kuhusu watoto, kile kiti kirefu kisikudanganye: ni kirefu ili dereva asogeze mwili wake mbele na nyuma kwenye miinuko, si ili apakie mtu. Mtoto asipewe pikipiki ya mtu mzima, na kila anayepanda avae kofia ngumu. Zile za magurudumu matatu, kama bado yuko anayekuuzia, zikatae. Marekani zilikoma kuuzwa baada ya makubaliano kati ya watengenezaji na serikali mwaka 1988, kwa sababu ya wingi wa waliopinduka nazo. Usiku usiziruhusu ufukweni kabisa, kwani kasa hutaga kwenye michanga ya upande wenu wa kusini na mayai yao hayaonekani juu. Mchana ziende njia moja uliyoichora wewe, chini ya mstari wa maji kujaa, na jioni zioshwe kwa maji baridi ya bomba, minyororo na beringi kwanza.